Usisafirie nyota ya mwenzio

Ubishi ni chakula cha baraza. Sisi watu wa pwani hatukuanza jana kubishana juu ya vyombo. Babu zetu walibishana ni jahazi lipi lakata maji vizuri wakati wa kaskazi, na ni fundi yupi ajuaye kulitia kalafati likakaa. Baba zetu nao walibishana juu ya baiskeli, baina ya Raleigh ya Uingereza na Phoenix ya China, na juu ya redio ipi inashika vyema Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza kusikika mwaka 1957. Leo zamu ni ya vijana wetu, na wao wanabishana juu ya simu na kompyuta.

Ukiiacha barabara kuu itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga, ukashuka upande wa baharini baina ya Shimoni na Vanga, utafika Majoreni, kijiji cha wavuvi na wakulima kilichopakana na mikoko. Hapo, baada ya swala ya alasiri, nyavu zikiwa zinashonwa na kahawa inazunguka, ubishi huwa umekwisha kushika moto. Mmoja asema hakuna simu duniani ila iPhone. Wa pili asema la, Samsung ndiyo mama wa simu. Wa tatu, mwenye Tecno, asema hao wawili wanalipia jina tu, kwani simu yake yeye hukaa na chaji siku mbili, hali za wenzake huzimika kabla ya magharibi. Wa nne, aliyerudi kutoka chuo cha ufundi, huwacheka wote watatu. Kwake yeye simu ni mchezo wa watoto, na chombo cha mtu mzima ni kompyuta. Basi hapo huhesabiwa giga, kamera na nguvu za betri, kama watu wahesabuo magoli ya timu zao.

Nimeusikiliza ubishi huo mara nyingi, nami naupenda. Wako wazee wanaosema kuwa ni upuuzi na kupoteza wakati. Mimi siafikiani nao. Kijana ajuaye kwa nini betri moja hudumu na nyingine haidumu amekwisha kujifunza jambo, na aliyejifunza jambo aweza kujifunza la pili. Isitoshe, ubishi wa barazani una adabu yake: mtu husema, husikiliza, hushindwa, na kesho hurudi. Lakini naona kuwa ubishi huu umekwama mahali pamoja, kama dau lililopwelewa mchangani. Kila siku huulizwa chombo kipi ni bora, na kila siku jibu huwa ni bei au jina. Haulizwi mtu: bora kwa kazi gani, na kwa faida ya nani?

Tutazame mfano mmoja ulio karibu nasi. Mwaka 2007 kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa iPhone ya kwanza, na ulimwengu ukastaajabia simu isiyo na vitufe vya namba. Mwaka huo huo, mwezi wa Machi, Safaricom ilianzisha M-Pesa hapa Kenya. M-Pesa haikuhitaji kioo cha kugusa wala intaneti. Ilifanya kazi katika simu ndogo ya vitufe, ile tuiitayo mulika mwizi kwa sababu ya tochi yake. Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003 ikiwa na tochi kichwani, iliuzwa zaidi ya milioni 200 duniani. Ni simu za namna hiyo zilizomwezesha mama muuza samaki kupokea fedha kutoka kwa mwanawe aliye Mombasa, bila ya kumkabidhi dereva wa matatu bahasha na kukesha akiiombea dua.

Sasa niambie, ndugu msomaji: katika mwaka ule ni chombo kipi kilichoyageuza maisha ya watu wa vijiji vyetu? Wenye kubishana juu ya kioo wangelikosa jibu, kwa kuwa jibu halikuwamo katika kioo. Watu waliitazama haja iliyokuwapo, wakatafuta njia ya kuitimiza kwa chombo ambacho maskini alikwisha kuwa nacho mfukoni.

Ubishi ulio mzito zaidi Majoreni ni ule wa baharini. Nilimsikia mvuvi mmoja mzee akiwauliza vijana, "Wajukuu zangu, chaji ikiwaishia mkiwa nje ya mwamba, mtarudi na nini?" Kijana mmoja akamjibu kwa adabu, "Na mawingu yakifunika nyota, babu, je?" Baraza zima likacheka, na kila upande ukajiona umeshinda. Kwa maoni yangu, wote wawili waliuliza maswali ya haki, na maswali yote mawili yanataka majibu.

Kwanza tuondoe kosa moja linalorudiwa sana. Wengi husema kuwa simu haifai baharini kwa sababu huko hakuna mtandao. Sivyo. Simu hujua mahali ilipo kwa kuzisikiliza setilaiti zinazoizunguka dunia kwa umbali wa kiasi cha kilomita 20,000 juu yetu. Kila setilaiti huitangaza saa yake. Simu hupima muda ambao mawimbi yametumia njiani, na ikisikia setilaiti nne au zaidi, hupiga hesabu na kujua ilipo. Kazi hiyo haihitaji mlingoti wa kampuni ya simu wala salio. Kinachohitaji mtandao ni ramani, na ramani mtu aweza kuipakua akiwa nyumbani kabla ya kuingia majini.

Kwa hivyo kijana ana hoja, tena anayo na ya pili iliyo nzito zaidi. Majoreni si mbali na Tanzania, na mpaka wa baharini, uliokubaliwa na nchi hizi mbili kwa barua za mwaka 1975 na 1976, hauonekani kwa macho. Samaki hawaujui, na hakuna nyota inayouonyesha. Mvuvi anayefuata samaki usiku akajikuta upande wa pili aweza kukamatwa, akapoteza mashua na nyavu, na watoto wake wakalala njaa. Katika jambo hilo, chombo kidogo chenye kumwambia mtu "umefika hapa, rudi" ni ngao ya riziki yake.

Lakini mzee naye ana hoja, na hoja yake ni kubwa kuliko chaji. Waswahili husema, usisafirie nyota ya mwenzio. Setilaiti za GPS ni mali ya serikali ya Marekani. Zilitengenezwa kwa ajili ya jeshi lake, na mpango wenyewe ulikamilika mwaka 1995. Hadi mwezi wa Mei mwaka 2000, Wamarekani walikuwa wakiyapotosha kwa makusudi mawimbi waliyowapa raia, hata mtu asiye askari wao akaweza kukosea mahali kwa kiasi cha mita 100. Tangu hapo wameacha, na leo simu nyingi husikiliza pia setilaiti za Urusi, za Ulaya na za China, yaani GLONASS, Galileo na BeiDou. Hata hivyo, katika mipango yote hiyo minne hakuna ulio wetu. Mita 100 katika bahari kuu si kitu, lakini katika mlango wa mwamba ndizo zinazotenga kufika na kuvunjika. Mtu anayeijua nyota yake mwenyewe, na upepo wake, na rangi ya maji yake, akizimikiwa na simu hubaki nahodha. Mwenye simu peke yake ikimzimikia huwa abiria katika mashua yake mwenyewe.

Mfano mwingine ni wa kibla. Vijana wakiwa safarini au shambani hutoa simu kutafuta kibla, na si mara moja simu mbili zikaelekea pande mbili, ukazuka ubishi wa simu ya nani ni bandia. Huenda zote mbili ni za asili. Dira ya simu ni kipimo kidogo cha sumaku. Ikikaribia chuma, au spika, au mashine ya mashua, au kifuniko cha simu chenye sumaku, hupotea, na aghalabu hurudi sawa ukiizungusha hewani kama mtu anayechora tarakimu nane. Simu ya bei kubwa haina kinga na jambo hilo.

Tena kwa mtu wa Majoreni mambo ni mepesi zaidi. Makka na pwani yetu ya kusini zimepishana kidogo sana kwa mashariki na magharibi, hivyo kibla chetu ni kaskazini, karibu sawasawa. Anayeijua kaskazini yake amekwisha kukijua kibla chake. Na mara mbili kwa mwaka, kiasi cha tarehe 28 Mei saa sita na dakika 18 mchana, na tarehe 16 Julai saa sita na dakika 27, jua husimama juu ya Kaaba, na saa za Makka ni sawa na saa zetu. Simamisha kijiti wima uwanjani wakati huo ukitazame kivuli chake: kibla ni upande ule uliokabiliana na kivuli. Elimu hiyo wanafalaki wa Kiislamu walikuwa nayo karne nyingi kabla ya sumaku kutiwa ndani ya simu, na kijana akiijua, simu yake humwongezea uhakika badala ya kumwongezea ubishi.

Hata intaneti yenyewe, ambayo vijana huiona kama kitu cha angani, kwetu huja kwa njia ya bahari. Mwezi wa Juni mwaka 2009 waya wa TEAMS uliwasili Mombasa ukitokea Fujairah katika Umoja wa Falme za Kiarabu, na mwezi uliofuata waya wa SEACOM nao ukaanza kazi. Waya hizo, zenye nyuzi nyembamba za kioo ndani yake, zimelala chini ya bahari ile ile ambayo majahazi ya Ghuba yaliipita kwa upepo wa kaskazi, yakileta tende na kuondoka na boriti za mikoko. Tarehe 12 Mei 2024 waya wa SEACOM na ule wa EASSy ziliharibika baharini baina ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota hapa Kenya, Tanzania na nchi jirani. Siku hiyo mwenye iPhone, mwenye Samsung na mwenye Tecno walikuwa daraja moja. Aliyewazidi wenzake ni yule tu ambaye tangu zamani alikuwa amekwisha kuweka kitu cha maana ndani ya chombo chake.

Hapo ndipo ilipo haja yangu ya kuandika. Je, ndani ya vyombo vyetu tumeweka nini?

Bahari ya Majoreni ina majina. Miamba ina majina, milango ina majina, na mafungu ya mchanga yana majina, na kila jina lina sababu yake. Ziko pepo, kutoka kusi na kaskazi mpaka matlai na umande. Yako maji ya bamvua na maji mafu, na hesabu ya siku za mwezi inayomjulisha mvuvi ni lini ashuke na ni lini abaki. Wako samaki wenye majina ya Kivumba, ya Kichifundi na ya Kidigo ambayo mtoto hatayakuta katika kamusi yake ya shuleni. Wazee wanaoyajua hayo wanapungua kila mwaka, na anayeondoka huondoka nayo.

Fungua sasa ramani iliyomo katika simu, hata iwe simu yenye thamani ya shamba la minazi, na mahali hapo pote utaona rangi ya buluu tupu. Tazama jedwali la maji kujaa na kupwa: aghalabu limepigiwa hesabu kwa kituo kama Kilindini, nalo halijui maji huchelewa kiasi gani kuingia ndani ya hori na mikoko ya Majoreni. Mzee anajua. Mzee huyo, na kijana mwenye simu ya kamera tatu, hukaa baraza moja kila alasiri, na baina yao hazipiti hatua nne. Kamera zile tatu zapiga picha ya kikombe cha kahawa.

Hilo ndilo linalonisikitisha. Simu iliyo duni kuliko zote barazani, maadamu ina kinasa sauti, yatosha kuihifadhi sauti ya mzee akitaja miamba. Iliyo bora kidogo yaweza kutia alama mahali penyewe na kuandika jina lake kwa lahaja ya wenyewe. Najua kuna mvuvi asiyependa kutaja mahali pake pa siri, na haki yake iheshimiwe. Wala sauti ya mtu isichukuliwe bila ya idhini yake. Lakini jina la mwamba unaovunja mashua si siri ya mtu. Ni amana ya kijiji kizima, na ni wajibu kuifikisha kwa wajao.

Kadhalika lugha. Ubishi wa Majoreni huendeshwa kwa Kiswahili kitamu mpaka ufike kwenye sehemu za chombo, na hapo Kiswahili hukatika. Wengine huilaumu lugha kuwa haina maneno. Maneno yapo, tena pengine ni mengi mno. Vitabu vya shule vya Kenya husema tarakilishi, na watu wengi, huku na Tanzania, husema kompyuta. Iko rununu na iko simu ya mkononi, kiko kipakatalishi na kiko kishikwambi. Achague mtu alipendalo, lakini alitumie. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi ulioitwa Kilinux, kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za kuandikia na za kupigia hesabu zilizosema Kiswahili. Waliofanya kazi hiyo hawakungoja kuletewa.

Wala hesabu za kompyuta zisitutishe kana kwamba ni mgeni tusiyemjua. Neno algoriti, linalotumiwa duniani kwa utaratibu ambao kompyuta huufuata katika kazi yake, limetokana na jina la Al-Khwarizmi, mwanachuoni aliyekuwa Baghdad katika karne ya 9. Na ile sifuri, ambayo pamoja na moja ndizo tarakimu mbili zinazotumiwa na kompyuta kwa kila jambo lake, sisi twaiita kwa jina lake la Kiarabu hadi leo. Mtoto aliyefundishwa kuhesabu akiwa madrasa amekwisha kuushika ufunguo. Kilichobaki ni mtu wa kumwonyesha mlango.

Pwani yetu imekwisha kuliona swali hili kabla ya leo. Mwaka 1932 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alitoa gazeti la Al-Islah. Wakati huo mashine ya chapa ilikuwa ni chombo cha wenye nguvu na cha serikali. Sheikh hakuitumia kwa kuisifu mashine. Aliitumia kuwaambia Waislamu wa pwani habari za elimu yao, mwenendo wao na unyonge wao. Leo tukimkumbuka twaikumbuka kazi yake, na sijapata kumsikia mtu akiuliza mashine yake ilikuwa ya kampuni gani.

Basi simwambii kijana aitupe simu yake, wala simwambii mzee aiogope. Ubishi na uendelee, lakini uongezewe maswali matatu. Chombo chako kimekufanyia kazi gani juma hili? Kikiharibika, ni nani hapa kijijini awezaye kukifungua na kukitengeneza? Na ndani yake mna nini cha kwetu? Mzazi anayetaka kumnunulia mwanawe simu ya pili na ahesabu kwanza kama fedha hizo hazitoshi kumweka kwa fundi miezi michache, ajifunze kuifungua hiyo ya kwanza. Mwalimu wa madrasa na afundishe kibla kwa kijiti na kwa simu katika siku moja, watoto waone vinavyokubaliana. Na viongozi wa wavuvi waweke kitabu, au faili, la majina ya bahari, lisomwe na kusahihishwa na wazee wenyewe.

Nanyi vijana wa Majoreni, hamna haja ya kungoja mradi wala mfadhili. Leo baada ya alasiri, mmoja wenu na amwamkie mzee, aketi karibu naye, afungue kinasa sauti, kisha amwombe amtajie miamba yote kuanzia mlangoni mpaka bahari kuu. Chaji ikiisha kabla ya majina kwisha, mrudi kesho na simu ya mwenzenu, hata kama ni ya aina mnayoicheka.